TAHADHARI: "Dawa ya baridi" ya miche inayouzwa mitaani Dodoma ni utapeli

Wakazi wenzangu wa Nzuguni, Ilazo, Kisasa na kwingineko, kuweni macho. Tangu kipupwe kianze anapita kijana na guta lililojaa miche ya maua na matunda, pamoja na vipakiti vya unga mweupe anaouita dawa ya baridi. Kipakiti shilingi 5,000. Anakuonyesha kwenye simu picha za mimea iliyogandishwa na sakitu (umande ulioganda kuwa barafu), anakwambia usipoweka dawa bustani yako haifiki Agosti.

Ni uongo. Sakitu ni ya nyanda za juu zenye baridi kali kama Kitulo, Makete na Njombe. Hapa kwetu usiku wa Julai joto hushuka hadi nyuzi 13 hivi, haligandishi kitu. Kinachoua mimea michanga Dodoma msimu huu ni ukavu: mvua zilishakatika, na upepo unakausha majani haraka kuliko mizizi inavyowahi kuvuta maji.

Mama mmoja jirani yetu ameuweka unga huo kwenye krotoni na mipapai yake. Kingo za majani zimeungua, zimekuwa za kahawia na kujikunja, na juu ya udongo umebaki ukoko mweupe. Hivyo ndivyo mmea unavyokuwa ukizidishiwa chumvi au mbolea kali kwenye udongo mkavu. Kama umeshaweka, kwangua udongo wa juu uutupe, kisha mwagilia maji mengi yapenye hadi chini. Kiuatilifu (dawa ya mimea) halali kina lebo na namba ya usajili wa TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Vipakiti hivi havina hata jina.

Miche yenyewe ndiyo inaniuma zaidi. Tulipochana kiriba (kifuko cha plastiki cha mche) cha bogenvilia aliyouziwa mama huyo, tulikuta kijiti kimechomekwa tu udongoni, hakina mzizi hata mmoja. Kijiti hicho hubaki kibichi siku kadhaa kwa maji yaliyomo ndani yake, kisha kinanyauka, na muuzaji akirudi anakwambia ni baridi, ongeza dawa.

Miche mliyonayo iwekeeni matandazo ya nyasi kavu yasiyogusa shina, mwagilieni asubuhi, na zibeni upepo kwa mabua ya mtama au gunia. Miche ya zabibu kaulizeni TARI Makutupora, kituo cha utafiti wa kilimo. Akifika getini kwako, mwambie achane kiriba kimoja uone mizizi kabla hujatoa hela. Na aliyelipa kwa simu asifute ujumbe wa muamala: mama ameshapeleka wake kwa mtendaji wa mtaa, pelekeni na wa kwenu.