Barua kwa mgeni: Kiingereza cha Uingereza au cha Marekani?

Sisi tunaowaandikia wageni wa safari kutoka Arusha tumekulia kwenye Kiingereza cha Uingereza: colour yenye u, centre inayoishia na re. Ndicho cha darasani. Kompyuta iliyowekwa cha Marekani hukupigia mstari mwekundu chini ya maneno hayo kana kwamba hukusoma.

Tahajia kwangu si ugomvi. Mmarekani Noah Webster aliiweka color bila u kwenye kamusi yake ya 1828, lakini Mmarekani akikutana na colour anaelewa tu. Balaa liko kwenye tarehe. Mgeni wa Marekani aliniandikia kwamba anatua KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, 7/8. Nikapanga gari la tarehe 7 Agosti. Jioni ya tarehe 8 Julai simu ikaita: yuko nje ya uwanja na mabegi yake, anauliza dereva yuko wapi. Kwao mwezi hutangulia siku! Tangu hapo naandika mwezi kwa herufi, 8 July, hata nikimwandikia jirani yangu wa Sakina.

Ghorofa nazo: first floor ya Mwingereza ni ya kupanda ngazi, ya Mmarekani ni pale unapoingilia. Mzee mwenye goti bovu utamwambia nini?

Mimi nabaki na cha Uingereza, mkono umeshakizoea. Mwenzangu ofisini, mwenye wateja wengi wa Marekani, anaandika cha kwao na hana kosa. Ila akiniletea barua yenye color juu na centre chini, namrudishia.