Elderberi kavu za duka moja Kisumu: uzoefu wangu

"Tafuna tu, mama, ni kama zabibu." Ndivyo nilivyojibiwa juzijuzi katika duka moja la vyakula vya asili hapa Kisumu nilipouliza kama elderberi wanazouza, vile vitunda vidogo vyeusi, huchemshwa kwanza. Kwenye pakiti hakuna hata neno moja kuhusu kupika.

Nikamweleza kijana wa kaunta, kwa upole kabisa, kwamba hizi si zabibu. Zina kemikali iitwayo sambunigrini, hasa kwenye mbegu, majani na vijiti, nayo ikifika tumboni hutoa sumu ya sayanidi. Ni yale yale ya muhogo mchungu, ambayo mtu wa Busia anayajua tangu utotoni. Ukizipika vizuri hakuna neno. Ukizila mbichi unaweza kutapika. Mwaka 1983 kule California watu 11 waliugua baada ya kunywa juisi ya elderberi mbichi zilizopondwa na majani yake.

Akanicheka. "Kama unajua hivyo, fungua duka lako."

Nyuma yangu alisimama mama mwenye mtoto mgongoni, pakiti ile ile mkononi. Nilimgeukia nikamwambia akazichemshe kabla ya kumpa mtoto. Kijana akanifokea mbele ya watu wote eti namfukuzia wateja! Mtoto mdogo vile, na yeye anawaza mauzo!

Na tunda lenyewe, jamani, ni zuri. Nilizichemsha taratibu zaidi ya nusu saa, nikazikamua kwa kitambaa mbegu zibaki, nikatia sukari na limau. Limau usiliache: ile rangi ya zambarau iliyoiva ni anthosayanini, na ikikutana na uchachu hung'aa nyekundu. Tumepata sharubati nzito ambayo watoto wangu wameimaliza kwa chapati. Ulaya hutengeneza jemu na mvinyo kwa tunda hili, na maua yake hutiwa kwenye vinywaji. Sasa naelewa kwa nini.

Nilikuwa nimekusudia kutoa nyota nne. Kila nikiandika namkumbuka yule mtoto, naona hata mbili ni nyingi. Basi moja, nayo ni ya tunda. Wakibandika "chemsha kwanza" kwenye pakiti nitarudi kununua, maana sharubati imeisha na watoto wanaiulizia. Au hapana. Kijana yule akiwa bado kaunta, sirudi.