Kifaa cha mbao cha kupima wasiwasi wa panya, kutoka karakana ya mtaa wa Kenya, Lubumbashi

Kwa anayelinganisha panya wadogo wa maabara (mice) wa miezi 3 na wazee wa miezi 18 hadi 24, kifaa hiki kinafaa, ila kisitumike kama kilivyotoka kwa fundi. Vipimo viko sawa: mikono minne iliyopangwa kama msalaba, kila mmoja sentimeta 30 kwa 5, miwili ina kuta za sentimeta 15, miwili iko wazi; panya mwenye wasiwasi hujificha kwenye yenye kuta. Kimeinuliwa sentimeta 50 na hakitikisiki.

Ubaya ni vanishi. Inateleza, na panya mzee, ambaye misuli imemwishia, huanguka ukingoni. Piga msasa, kisha rangi ya mafuta isiyong'aa mara mbili. Usiache mbao tupu: hunywa mkojo, na harufu ya aliyetangulia humvuruga anayefuata. Baada ya kila panya futa kwa alkoholi ya asilimia 70, isubiri ikauke.

Kinachoharibu matokeo zaidi si useremala. Panya mzee hutembea kidogo. Akimaliza dakika zote 5 ndani ya kuta, huenda ni mwili mzito tu, si wasiwasi. Hesabu pia anaingia mara ngapi kwenye mikono yenye kuta. Mara hizo nazo zikipungua, usikimbilie kuandika wasiwasi.

Ndoo ya kuogeleshea, inayouzwa pembeni kupimia dalili za sonona, tungeiacha. Mzee mnene huelea bila kupiga miguu, basi kutulia kwake hakuonyeshi kukata tamaa, na maji ya nyuzi 25 humpoza upesi.