Nyumba ya kupanga Lisbon: lifti mbovu, meza nzuri, na jamaa aliyetuhesabu vichwa

Nilianza kwa kuipa nyota moja. Nikaifuta, nikaweka tatu. Halafu nikakikumbuka kile kidole, nikarudi kwenye mbili. Mpaka naandika hapa sijui nitaishia wapi, kwa hiyo msomaji nivumilie.

Kidole ninachokisema ni cha yule jamaa aliyetupokea. Mwenye nyumba hatukumwona hata siku moja. Alikuwepo huyu, wakala sijui msimamizi, kijana wa makamo mwenye funguo nyingi kiunoni. Alisimama mlangoni, sisi tukiwa tumepangana kwenye ngazi na masanduku, watoto wanasinzia, akaanza kutuhesabu kwa kidole kimoja kimoja. Mmoja, wawili, watatu. Alipomfikia mtoto wa mdogo wetu, wa miaka miwili, aliyelala begani kwa baba yake, kidole kikasimama kidogo, kisha naye akahesabiwa. Kumi na wawili. Akatoa simu, akabonyeza hesabu, akanigeuzia kioo: euro 240. Kodi ya jiji, ile wanayotozwa wageni, taslimu, sasa hivi, kabla ya funguo.

Mgeni njoo mwenyeji apone, lakini huyu alitaka kupona kwenye mifuko yetu tukiwa bado tunahema.

Ngoja nirudi nyuma kidogo. Tuko ndugu wanne wa tumbo moja, na tunaishi nchi nne tofauti. Mara ya mwisho kulala sote chini ya paa moja ilikuwa kwenye msiba wa mama, na msibani hamkai mkaongea. Mnapishana tu mlangoni. Tukasema safari hii twende mji ambao hakuna hata mmoja wetu anayeujua, ili asiwepo mwenyeji wa kushinda jikoni akihangaikia wenzake. Dada akataja Lisbon, mji mkuu wa Ureno. Wawili kati yetu, na familia zao, wanahitaji viza ya Schengen, ile ya kuingia nchi nyingi za Ulaya, na wanaoomba viza lazima waonyeshe watalala wapi. Nyumba hii ndiyo iliyokuwa na vitanda vya kututosha sote, tukailipia mapema, tukaambatisha uthibitisho wake kwenye maombi. Baada ya hapo ilikuwa kama tumefunga nayo ndoa. Hata nilipoona kwamba picha ya bafu ilipigwa kwa ujanja, nilinyamaza.

Kwenye tangazo waliandika kuna lifti. Si uongo, lifti ipo. Ipo na karatasi imebandikwa mlangoni: "Avariado". Sikuhitaji kamusi kujua ni mbovu. Kilichonikera zaidi ni ile karatasi yenyewe: imepauka rangi ya chai, gundi imekauka, kona zimejikunja. Karatasi ya namna ile haijabandikwa juzi. Mtu ameiona kila siku akipita kwenda kupiga picha za tangazo.

Sisi tulikuwa ghorofa ya nne. Dada yangu alifanyiwa upasuaji wa goti si muda mrefu uliopita, na hicho ndicho kitu cha kwanza tulichomuuliza mwenye nyumba kwa ujumbe kabla hatujalipa hata senti: lifti inafanya kazi? Akajibu kwa neno moja, "Ndiyo", na kidole gumba juu. Dada alipanda ngazi zile akishika ukuta, mumewe nyuma yake mikono imetangulizwa kama mtu anayesubiri kudaka mtungi. Shemeji ni mtu mpole, lakini usiku ule nilimsikia akisema maneno ambayo sikujua anayajua. Sasa mtu ametoka kupanda hivyo, anafika juu anakutana na kidole.

Tukalipa. Ndiyo, tulilipa. Kaka mkubwa alisema watoto wamechoka, yaishe. Nilimkasirikia kaka kuliko yule jamaa, kwa sababu tangu utotoni "yaishe" yake ndiyo inayotugharimu.

Kabla ya kuondoka yule jamaa alipiga picha pasipoti zetu zote kwa simu yake, na hapo nikamwambia waziwazi kwamba hana adabu. Kwa haki nikiri: kwenye hilo nilimwonea. Sheria ya Ureno inawataka wenye nyumba za wageni watoe taarifa za wageni wa kigeni kwa mamlaka, kwa hiyo taarifa za pasipoti alizihitaji kweli. Angenieleza ningemwelewa. Alichonijibu ni "Mnataka kulala au hamtaki?"

Asubuhi yake nilikuwa nimeamua likizo imeharibika. Nilishuka na wifi yangu, mke wa kaka mkubwa, kutafuta kahawa. Kwenye kona ya mtaa wetu, kule juu Graça, kuna kimgahawa chenye meza tatu. Mama aliyetuhudumia alituona nyuso akauliza kulikoni. Wifi akamsimulia, kwa Kiingereza cha kuvunjavunja na mikono. Yule mama akaweka birika chini. Watoto wangapi, wa miaka mingapi? Tukamtajia: miwili, sita, minane, kumi na mmoja, na mmoja wa kumi na minne. Akacheka kwa hasira, kile kicheko cha mtu anayewafahamu watu wa kwao. Kodi ya jiji la Lisbon ni euro 4 kwa kila mtu kwa kila usiku, akasema, lakini inaanzia miaka kumi na mitatu. Walio chini ya hapo hawalipi kitu.

Wifi ni mhasibu, hakuhitaji simu. Wanane tu ndio wa kulipa, kwa usiku tano: euro 160. Tumepigwa euro 80. Hesabu yenyewe si ya kufilisi mtu, najua. Lakini ni 80 za watoto wanne wenye usingizi, mmoja wao begani.

Yule mama hakuishia hapo. Alituambia tuangalie kibao chenye herufi za bluu AL pale mlangoni petu, maana yake ni nyumba iliyosajiliwa kwa wageni, na nyumba ya aina hiyo lazima iwe na Livro de Reclamações, kitabu cha malalamiko. Ukikiomba, wanatakiwa wakupe papo hapo, na wakikataa una haki ya kumwita polisi. Unachoandika humo, nakala moja inakwenda serikalini na nyingine unaondoka nayo. Nilitaka kumkumbatia. Kahawa tulilipa, ila vile vitumbua vyao vya maziwa na mayai, pastéis de nata, alitufungia sita bila kutaka hela. Kama ningekuwa naandika habari za kimgahawa kile, nyota zisingetosha.

Basi, kuhusu mji wenyewe sitasema mengi, wengine wameshausema. Ni vilima juu ya vilima, na njia za miguu zimetandazwa vijiwe vidogo vyeupe na vyeusi vilivyong'arishwa na miguu ya watu hadi vinateleza. Gurudumu moja la kigari cha mtoto lilikatika siku ya pili. Tramu namba 28 tuliingoja Martim Moniz mpaka watoto wakaanza kugombana, tukapanda tukiwa tumebanwa, kila mtu kashika mkoba wake kifuani kwa habari za wachomoaji. Oceanário, lile jengo la samaki lililofunguliwa kwa maonyesho ya Expo ya 1998, watoto walilipenda kupita maelezo. Yule samaki mkubwa wa duara asiye na mkia, mwenye uso wa mtu aliyesahau alichokuja kuchukua, waliamua ni baba mdogo. Mtaa wa Belém tulikwenda Jumatatu. Jumatatu monasteri ya Jerónimos hufungwa. Tukarudi siku nyingine, mimi na kaka tu, tukasimama kwenye kaburi la Vasco da Gama bila la kusema. Jina tulilolikariri shuleni kwa mtihani, kumbe mtu kalala hapo kwa jiwe, mikono kifuani. Kaka akasema, "Huyu naye alifika kwa watu bila kuulizia nafasi." Tukacheka hadi mlinzi akatutazama.

Sasa nifike kwenye jambo linalonisumbua kwenye hizi nyota.

Dada hakuweza kushuka zaidi ya mara moja kwa siku, na siku nyingine hakushuka kabisa. Hatukukubali abaki peke yake na shemeji, kwa hiyo tukapeana zamu. Na pale juu kulikuwa na meza. Meza ndefu ya mbao, ina alama za sufuria za moto, mguu mmoja umeegemezwa kwa kadibodi iliyokunjwa, mbele yake dirisha linaonyesha mapaa mekundu mpaka mtoni Tejo. Zamu zikageuka. Mtu wa zamu ya asubuhi hakutaka kuondoka, wa mchana akawahi. Kufikia usiku wa tatu hata waume na wake zetu walikuwa wametuachia, wametoka na watoto, na wanne sisi tumeizunguka meza ile kama zamani tulivyozunguka mkeka.

Ndipo mdogo wetu, kitinda mimba, mtu mzima mwenye mvi za kwanza, akakohoa akasema: ile redio ya baba ni mimi niliyeivunja.

Kimya. Kwa redio ile kaka mkubwa alichapwa na akakosa safari ya shule. Miaka thelathini na zaidi amebeba kosa lisilo lake. Kaka alimtazama mdogo wake kwa muda mrefu, nikadhani leo tutatengana rasmi. Kisha akauliza taratibu, "Na saa ya ukutani?" Mdogo wetu akainamisha kichwa. Dada alicheka mpaka akashika goti. Tulicheka sote, saa tano usiku ilishapita, jirani wa chini akagonga dari yake kwa kitu, tukajiziba midomo kwa vitambaa vya meza na kicheko ndiyo kikazidi.

Kama lifti ingefanya kazi, dada angekuwa chini na sisi, tungezunguka majumba, tungerudi hoi, tungelala. Redio ile ingeendelea kuwa ya kaka. Najua. Mume wangu ameshaniambia hivyo mara tatu, kwamba nimshukuru yule jamaa. Sitamshukuru. Mtu akikutegea shimo ukaokota sarafu humo, sarafu ni yako na shimo ni lake.

Siku ya kuondoka alikuja kuchukua funguo, akaanza kukagua vikombe. Wifi akamngoja amalize. Kisha kwa sauti ileile anayotumia kuomba chumvi, akaomba Livro de Reclamações. Jamaa akasema kiko ofisini. Wifi akasema hamna neno, tutasubiri hapa, na kama hakiji tutawaomba polisi watusaidie kukitafuta. Nilikuwa natazama kidole chake. Kilikuwa kinachezea funguo. Akauliza tatizo ni nini hasa, wifi akamwekea mezani karatasi yenye majina ya watoto wanne, umri wao, na mstari mmoja chini: 80. Zilitoka mfukoni mwake, noti za ishirini nne, wala hazikutoka kwenye bahasha yoyote ya kodi ya jiji. Hilo nalo nililiona.

Je, tuliandika kwenye kitabu? Hatukuandika. Kaka mkubwa alisema yaishe. Na safari hii nilinyamaza, kwa sababu dada alikuwa ameshaanza kushuka ngazi na tulihitajika sote wanne: mmoja mbele yake, mmoja nyuma, mmoja na fimbo, mmoja na kiti cha kupumzikia kila ghorofa, kiti ambacho kwa kweli ni mali ya nyumba na tulikiacha pale chini kando ya lifti mbovu. Wakihesabu.

Kwa hiyo: kwa lifti, sifuri. Kwa majibu ya mwenye nyumba na kidole chake gumba, sifuri. Kwa kidole kingine, chini ya sifuri kama mfumo ungeruhusu. Vitanda vizuri, maji ya moto yapo, jiko lina visu visivyokata. Kwa ile meza, nyota tano, na ningeongeza. Nimeweka mbili. Sasa hivi nimeweka tatu.

Jana kaka mkubwa ameandika kwenye kundi letu la WhatsApp, kauliza kama kuna anayejua ile nyumba ina nafasi mwakani. Mdogo wetu kaweka picha ya redio. Dada kaandika, "Lifti kwanza."