Kupepeta dhahabu bila maji: mashine ipi ununue kwa ardhi ya Lindi na Mtwara

Mvua zikishakatika, makorongo mengi ya Ruangwa, Nachingwea na Masasi hubaki mchanga mtupu hadi Novemba au Desemba. Mashine za upepo zimetengenezwa kwa ajili ya ardhi ya namna hiyo. Kwa ujazo uleule, dhahabu ina uzito wa mara 19 ya maji, mchanga wa kawaida mara 2.6 tu. Upepo ukipenya kitambaa kutoka chini, mchanga huinuka na kuteremka, dhahabu huzama na kukwama nyuma ya vizuizi, yaani fito zilizokingamishwa juu ya kitambaa.

Kabla ya kutoa hela, chimba hadi kwenye tabaka gumu la chini, maana vumbi la dhahabu hukaa hapo, kisha bana konzi moja ya udongo. Ukishikamana, bado una unyevu. Madonge hayo yatabeba dhahabu hadi nje ya mashine yoyote, ya bei yoyote. Anika kwanza kwenye turubai lile la korosho, ukigeuza mara kwa mara.

Nafasi ya kwanza tunaipa mashine ya mivukuto ya mkono. Haili petroli, hubebwa kwenye bodaboda, na fundi seremala anaweza kuitengeneza au kuikarabati. Upepo wake huja kwa mapigo, na kati ya pigo na pigo dhahabu hupata nafasi ya kutulia. Unaponunua, anza na kitambaa. Kielekeze juani: mwanga upenye kwa vitone vidogo vilivyo sawasawa. Pulizia kwa mdomo: pumzi ipite, lakini kwa kusukumwa. Marikani nzuri inafaa. Turubai la nailoni halipitishi hewa, na kitambaa chenye tundu hata moja hurusha mchanga na dhahabu pamoja. Kiwe kimebanwa kwa fito na skrubu, si gundi, kwa sababu utakibadilisha. Vizuizi viwe na kimo cha sentimita 2 hivi, miguu irekebishike, na chekeche la juu lizuie kokoto zinazozidi sentimita 1.

Mwombe muuzaji mjaribu hapohapo. Chukua risasi ya mshipi wa kuvulia, katakata vipande 20 vya ukubwa wa nusu punje ya ufuta, vichanganye na ndoo ya mchanga mkavu, upitishe. Risasi ni nyepesi kuliko dhahabu, kwa hiyo mashine inayoishika itashika na dhahabu ya ukubwa huo. Ukipata 18 au zaidi, vingi vikiwa kwenye vizuizi viwili vya juu, lipa. Vikijikusanya chini, mteremko ni mkali au upepo umezidi. Anzia nyuzi 20 hivi, punguza taratibu. Nyuma ya kila kizuizi mchanga unatakiwa utokote kama uji mzito. Ukiruka, upepo ni mwingi, ukilala, ni mdogo. Nawa mikono baada ya kushika risasi.

Ya pili ni ya injini yenye feni. Inafaa kikundi chenye udongo mwingi uliokauka vizuri, kwa kuwa inameza ndoo nyingi kwa saa. Kwa dhahabu laini tunaihofia: upepo mfululizo huipeperusha. Usinunue isiyo na kifuniko cha kupunguza upepo, wala yenye bomba fupi linaloweka injini kwenye vumbi lake yenyewe. Chujio la hewa litaziba mapema. Uliza pia kama vipuri vyake vinapatikana Lindi au Mtwara mjini.

Ya tatu, pipa la lita 200 na pampu ya kuzungusha maji yaleyale juu ya mfereji wenye vizuizi vya kunasa dhahabu. Kwa dhahabu iliyo laini kama unga hushika vizuri kuliko mashine zote za upepo, na ndiyo jibu la pekee kwa udongo wa mfinyanzi usiokauka. Ila maji yakishakuwa tope zito, dhahabu laini huondoka nayo, hivyo unahitaji pipa la pili la kutuamisha.

Ungo na karai nunua kwa vyovyote, kwa kupima eneo na kumalizia kazi. Mabaki ya mashine yaoshe nyumbani kwenye beseni la maji yenye matone ya sabuni ili chembe zisielee. Mchanga mweusi ukikauka utoe kwa sumaku. Zebaki haihitajiki.

Kigunduzi cha metali usikinunue kwa kazi hii. Hakisikii vumbi la dhahabu.

Bajeti iwe na barakoa za kuchuja vumbi, FFP2 au N95, kwa kila anayesimama karibu. Kitambaa cha kujifunga usoni hakizuii vumbi la mawe linaloharibu mapafu yasipone tena. Simama upande upepo unakotoka. Na uhakikishe eneo lina leseni ya uchimbaji mdogo kutoka Tume ya Madini kabla mashine haijapakiwa.