Bawaba za shaba: usilipe kabla hujapitisha sumaku NA tupa!

Oya wadau karibuni tena, leo mezani nina bawaba, ndio bawaba za mlango, na najua kuna mtu hapo kashaanza kusogeza video mbele anasema jamaa kaishiwa mada. Tulia. Kama unajenga Kigamboni, Mbezi Beach, Tanga, Mombasa, popote upepo wa bahari unapokufikia, hii inakuhusu kuliko hata ile rangi ya sebule mnayogombania na mwenzio.

Mambo ya saizi, unene, matundu mangapi, hayo yako kwenye boksi soma mwenyewe. Mi nimekuja kwa jambo moja tu: boksi zote tatu hizi zimeandikwa ni shaba, brasi kama wanavyoita hadwea, na zote zinang'aa njano hiyohiyo. Sasa tazama.

Nachukua sumaku, hii nimeing'oa kwenye spika mbovu. Bawaba ya kwanza... tak! Mmesikia? Naachia mkono, inaning'inia yenyewe. Hicho ni chuma kimepakwa njano juu, shaba haishiki sumaku hata umbembeleze vipi. Kwa pwani hiyo ngoja tu mvua za masika zipite utaona machozi ya kutu yanateremka kwenye fremu yako nyeupe. Pembeni huko.

Ya pili, haishiki. Ya tatu, haishiki. Na hapa ndo watu wengi wanafunga video wanakwambia haya, hizo mbili orijino, kanunue. Aisee hapana, ngoja. Shika hii ya pili mkononi, nyepesi nyepesi hivi, si ndio? Sasa nachukua tupa, nakwangua kwa nyuma pale ambapo mlango hautaonyesha... sogeza kamera... umeona rangi hiyo? Nyeupe ya kijivu. Hiyo ni zinki na alumini kidogo imemiminwa kwenye kalibu, afu ikavishwa njano. Sumaku haiikamati, kwa hiyo sumaku peke yake inakudanganya. Na ukiipa mlango mzito wa mninga inakatika kama biskuti, haipindi hata kukupa taarifa.

Ya tatu nakwangua... njano. Naendelea... njano. Mpaka ndani njano! Hii ndo shaba yenyewe bwana, shaba nyekundu, yaani kopa, imeyeyushwa na zinki, zinki inakuwa kama asilimia 30 mpaka 40 hivi, chuma hamna humo ndo maana kutu ile nyekundu hamna. Itafifia, itakuwa kahawia, ikipigwa na chumvi itatoa ukijani kidogo, basi, hayo ni mambo ya uso tu. Nenda Mji Mkongwe pale Unguja uangalie vile vichwa vya shaba vilivyochongoka kwenye milango, kuna milango ina zaidi ya miaka mia na bahari iko hatua chache tu. Na tena, wiki ijayo ndo tunaenda kurekodi hukohuko, kwa hiyo kama hujasabskraibu we endelea kujichelewesha.

Haya sasa kilichoniudhi. Bawaba safi, imepita mitihani yote, nafungua kile kimfuko cha skrubu... tak. Skrubu zote zimenasa kwenye sumaku! Yaani umeniuzia shaba tupu afu unanifungia kwa chuma kilichopakwa rangi? Chuma kikigusana na shaba halafu maji ya chumvi yakapita katikati, chuma ndo kinaliwa, tena haraka kuliko kingekuwa peke yake. Bawaba itabaki nzima, skrubu zitaoza, mlango utakuangukia. Kwa hiyo bei ya boksi siyo bei kamili, ongeza na skrubu za shaba.

Na skrubu za shaba zina tabu yake, ni laini. Ukizisokomeza kwenye mvule kwa dril kwa nguvu kichwa kinakatika, nusu inabaki ndani, hapo fundi anaanza kukuangalia. Toboa tundu kwanza, afu pitisha skrubu ya chuma saizi ileile ikate njia, itoe, ya shaba ipake nta ya mshumaa, ingiza kwa bisibisi ya mkono taratibu. Mafundi wa zamani wanalijua hili, hawa wa kukimbizana na saiti tatu kwa siku wengi hawana muda nalo.

Mtaniuliza steni je, yaani chuma cha pua? Steni nzuri, sibishi, ila ile ya kawaida, daraja la 304, karibu na bahari inatoa madoadoa ya kahawia, ya kutulia pwani ni 316, na ukiiulizia hiyo bei yake nayo inakutoa jasho. Shaba yenyewe haijashuka, Mei 2024 tani moja ya shaba nyekundu ilivuka dola 10,000 kwenye soko la London, na kinachouma malori ya shaba ya Zambia na Kongo tunapishana nayo kila siku yanaenda bandarini Dar, sisi tunarudishiwa bawaba kwenye boksi.

Kwa hiyo nyumba nzima shaba? Nilikuwa naelekea kusema ndio, ila ukipiga hesabu, hapana. Weka milango ya nje na ile inayotazama bahari. Vyumba vya ndani kama uko Dodoma au Morogoro chuma kizuri chenye grisi kinakutosha kabisa. Geti usithubutu, shaba ni laini, geti linataka chuma kinene. Banda la kuku pia hapana, ile harufu kali ya mbolea ni amonia, na amonia inapasua shaba, jeshi la Waingereza kule India liliona maganda ya risasi ya shaba yanapasuka yenyewe stoo zilizokuwa karibu na farasi, maana mkojo wa farasi nao unatoa amonia.

Kusafisha, ndimu na chumvi, suuza vizuri, kausha. Na ukienda dukani muuzaji akikukatalia kukwangua kidogo kwa nyuma, rudisha pochi mfukoni, nenda duka la jirani.