Hadubini ya kuchomeka kwenye simu, nimenunua Darajani

Jamani nimenunua hichi kihadubini kidogo cha kuchomeka kwenye simu, duka moja pale Darajani. Taa kali, picha safi, ila stendi imelegea, ukigusa meza tu picha yote inatikisika na muuzaji amekataa kunibadilishia, hilo limeniudhi kweli.

Lakini kwa kuangalia mchanga wallahi sijutii. Nasomesha jiografia skuli, na kila mwaka nahangaika kuwaeleza watoto vipi punje za mchanga zinatoa habari za barafu ya zamani, yaani kule chini ya Atlantiki ya Kaskazini kuna tope laini halafu ghafla unakuta tabaka la punje kubwa kubwa ambazo mkondo wa maji hauwezi kuzifikisha katikati ya bahari, basi zilibebwa na mapande ya barafu yaliyomeguka nchi kavu, yakaelea, yakayeyuka, yakaziangusha. Mwanajiolojia wa Kijerumani, Hartmut Heinrich, ndo aliyaandikia matabaka hayo mwaka 1988. Na madini yake yanataja kwao: mawe ya chokaa na dolomaiti (jiwe la jamii ya chokaa) yakiwa mengi yanaelekeza Hudson Strait kule Kanada, vigae vya kioo cha volkano vinaelekeza Aisilandi.

Sasa juzi tukaweka mchanga wa pwani ya Paje hapa Unguja, watoto wakaona vipande vya matumbawe na makombe, tukadondoshea siki ukatoa mapovu, dalili ya chokaa, mmoja akasema "mwalimu, kumbe huu kwao ni hapahapa mwambani!" Nilifurahi mno.

Nunueni, ila stendi ijaribuni dukani kwanza.